Kamishna Akinyamaza

Sheria ya ushirika ya Kenya ina babu yake India. Mwaka 1904 serikali ya Kiingereza kule ilitunga sheria ya vyama vya kukopeshana vijijini, kwa sababu wakulima walikuwa wamezama katika madeni ya wakopeshaji na serikali ilianza kuogopa hasira zao. Mwaka 1912 ikaandikwa nyingine pana zaidi, iliyoruhusu pia vyama vya kuuza mazao na kununua pembejeo. Katika sheria hizo ndimo kilimokulia cheo ambacho kimenishughulisha mwaka mzima sasa: Msajili wa Vyama vya Ushirika.

Ukilisikia jina hilo unamfikiria karani mwenye daftari na muhuri. Sivyo. Msajili wa 1912 alikuwa mkunga, mlezi na mchimba kaburi wa chama. Bila yeye chama hakikuzaliwa. Kikizaliwa, yeye ndiye aliyekagua hesabu zake au kumteua wa kuzikagua. Kikiugua, yeye ndiye aliyefanya uchunguzi. Kikishindikana, alifuta usajili na kumweka mfilisi. Hata ugomvi wa mwanachama na chama chake uliweza kupelekwa kwake badala ya mahakama ya kawaida. Cheo hicho kilipanda meli pamoja na maofisa waliokizoea, kikashuka Ceylon, kikashuka Afrika Magharibi, kikashuka na huku kwetu.

Wanahistoria wa ushirika wameandika mengi juu ya mkono mzito wa serikali: jinsi ulivyoingia katika vyama, ukapanga bei, ukateua mameneja, ukafuta kamati. Ni kweli, na sina ugomvi nao. Lakini tasnifu yangu ya shahada ya uzamili inafuata upande wa pili wa mkono huohuo, ule wakati ambapo mwanachama anauhitaji na hauinuki. Mtu akitendewa vibaya na ofisi, historia huacha alama: amri, kesi, barua ya kufukuzwa. Ofisi isipotenda lolote, unatafuta nini kwenye majalada? Nimejifunza kutafuta barua za pili. Barua inayoanza kwa maneno "tukirejelea barua yetu ya tarehe fulani, ambayo hatujapata jibu lake" ina thamani kwangu kuliko ripoti nzima ya mwaka.

Kifungu cha 35 cha sheria ya 1912 ni kifupi, na nadhani ndicho kifungu muhimu kuliko vyote katika habari hii. Kinasema kwamba Msajili anaweza kufanya uchunguzi kwa hiari yake mwenyewe. Kisha kinageuka ghafla: ni lazima aufanye akiombwa na mkuu wa wilaya, au na wengi wa wajumbe wa kamati, au na wanachama wasiopungua theluthi moja. Sentensi moja ina milango miwili. Mmoja ni wa hiari na ufunguo wake yuko nao Msajili. Wa pili ni wa wajibu, na ufunguo wake wanao watu, ila watu hao lazima wawe theluthi.

Mimi huusoma mlango huo wa pili kama ungamo la watunga sheria. Walijua kwamba ofisa anaweza kukaa kimya. Walijua pia kwamba mwanachama mmoja mwenye kelele anaweza kuisumbua ofisi nzima kwa chuki zake binafsi. Wakachagua hesabu katikati.

Huku Kenya ushirika ulianza kama jambo la walowezi. Mwaka 1908 wazungu wa Lumbwa, sehemu ambayo leo ni Kipkelion, walianzisha chama cha maziwa. Likaja shirika la wakulima wakubwa, KFA, mwaka 1923, kisha KCC ya maziwa mwaka 1925, na mwaka 1937 KPCU ya kahawa. Sheria ya ushirika ya 1931 iliandikwa ikiwatazama hao. Mwafrika hakuwamo, na kwa kahawa hakuwamo kabisa, kwa kuwa kwa muda mrefu alizuiwa kuipanda. Ruhusa zilianza kutolewa kwa majaribio miaka ya 1930, Kisii, Meru na Embu, kwa mashamba madogo yaliyohesabiwa miche. Sheria ya ushirika iliyomkusudia Mwafrika ilikuja 1945, nayo ikaja na Msajili aliyekamilika, mkunga hadi mchimba kaburi. Baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954 kufungua milango ya mazao ya biashara, vyama vikachipuka kila kilima.

Jambo la kushika hapa ni kwamba mkulima mdogo wa kahawa hakuingia chamani kwa kupenda tu. Kwa miaka mingi sheria za kahawa zilimtaka apitishe mazao yake katika kiwanda cha chama. Mlowezi au mwenye shamba kubwa aliweza kuwa na kiwanda chake. Mwenye miche mia mbili hakuweza. Kwa hiyo ule ushauri tunaopenda kuupeana, kwamba chama kikikuibia toka uende kwingine, kwake ulikuwa mzaha. Hakuwa na kwingine. Na mtu asiyeweza kutoka anamhitaji mkaguzi kuliko mtu mwingine yeyote.

Nasema haya nikiwa mtoto wa nyumba ya kahawa. Kwetu ni upande wa magharibi, chini ya Mlima Elgon, na ndugu mdogo wa baba yangu bado ni mwanachama wa chama ambacho babu alijiunga nacho. Jina la chama halina umuhimu. Misimu mitatu iliyopita malipo yalianza kuja pungufu, yakiwa na makato ambayo hayakuelezwa kwenye mkutano wowote, na habari zikatoka kwamba kuna mkopo umechukuliwa kwa jina la chama. Wanachama 11 wakaandika barua kwa ofisi ya ushirika wakiomba uchunguzi. Mwaka ukapita. Nilipokwenda likizo, baba mdogo alinitolea jalada la plastiki lenye barua tatu, zote nakala, zote bila jibu.

"Mama," akaniambia, kwa kuwa nimebeba jina la mama yake, "wewe unayesoma mambo ya zamani, hebu nieleze. Mtu akikuibia unamshtaki wizi. Akikupiga unamshtaki kukupiga. Huyu aliyenyamaza nimshtaki nini?"

"Baba, inategemea sheria ilimwambia afanye nini."

"Ilimwambia achunguze."

"Ilimwambia achunguze, au ilimwambia anaweza kuchunguza?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama mvua hulowesha. "Kama anaweza, si basi afanye? Anayeweza akikataa si ndiye mbaya zaidi?"

Nimelifikiria jibu lake mara nyingi maktabani. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku, "anaweza" ni neno la nguvu. Mungu anaweza. Daktari huyu anaweza. Mkulima akisikia kwamba Kamishna anaweza kuchunguza, anasikia kwamba uwezo upo na kwa hiyo udhuru haupo. Wakili akisikia neno lilelile anasikia ruhusa ya kufanya na, ndani yake, ruhusa ya kutofanya. Sheria nzima ya kulalamikia ukimya wa ofisi imejengwa juu ya usikivu huo wa pili.

Waingereza wenyewe walibishana juu ya neno hilo. Mwaka 1880, katika kesi ya Julius dhidi ya Askofu wa Oxford, majaji walikubali kwamba maneno ya ruhusa yanaweza mara nyingine kubeba wajibu, kutegemea uwezo huo ulitolewa kwa ajili ya nani. Lakini Julius mwenyewe alishindwa, na askofu akaachwa na hiari yake. Mambo yakakaa hivyo kwa miaka karibu tisini, mpaka walipokuja wafugaji wa ng'ombe wa maziwa.

Kesi yao inaitwa Padfield, na kila anayesoma sheria ameikuta. Sioni watu wakisema sana kwamba mzizi wake ni ugomvi wa wakulima na chombo chao wenyewe cha kuuza mazao. Uingereza ilikuwa na Bodi ya Maziwa tangu 1933, yenye maeneo 11, na kila mfugaji alilazimika kuiuzia bodi. Wafugaji wa kusini mashariki, walio karibu na London na soko lake, walidai kwamba tofauti ya bei waliyokuwa wakipewa imepitwa na wakati. Ndani ya bodi hawakuweza kushinda, kwa sababu wajumbe wa maeneo mengine walikuwa wengi na kila nyongeza ya kusini mashariki ingetoka mifukoni mwao. Sheria ilimpa Waziri wa Kilimo uwezo wa kupeleka malalamiko kwenye kamati ya uchunguzi. Waziri akakataa kuyapeleka. Sheria, alisema, ilimpa hiari.

Mwaka 1968 Bunge la Malodi, ambalo wakati ule ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa, liliamua kwa majaji wanne dhidi ya mmoja kwamba hiari hiyo ina mipaka. Lord Reid alieleza kwamba uwezo uliotolewa na Bunge hutolewa kwa makusudi ya sheria husika, na waziri hawezi kuutumia, wala kukataa kuutumia, kwa namna inayoyavunja makusudi hayo. Kunyamaza bila kutoa sababu nako hakumpi kinga: kama mambo yote yanaelekea upande mmoja naye hasemi kwa nini ameenda upande wa pili, mahakama inaweza kudhani kwamba hana sababu nzuri.

Mwisho wa habari hausimuliwi sana darasani. Malalamiko yalipelekwa kwenye kamati. Kamati ikaona wafugaji wana haki. Kisha Waziri, kwa hiari ambayo sheria iliendelea kumwachia, akakataa kuyatekeleza mapendekezo ya kamati. Mahakama iliweza kumlazimisha asikilize. Bei haikuweza kuigusa.

Kenya huru iliandika sheria yake ya ushirika mwaka 1966, Sura 490. Msajili baadaye akawa Kamishna wa Maendeleo ya Ushirika, na uwezo wake ukanenepa. Makisio ya chama yalihitaji idhini yake, na matumizi makubwa vilevile. Wazee wa kijijini kwetu wanauzungumzia wakati huo kwa sauti mbili. Kuna wanaosema ofisa wa ushirika alikuwa mfalme, na bila kumwona huwezi hata kununua turubai la kuanikia. Wengine, na mara nyingine ni mzee yuleyule baada ya chai, wanasema angalau ulijua mlango wa kubisha.

Halafu ukaja mwaka 1997. Kwa mtu anayechunguza ukimya wa ofisi ni mwaka wa ajabu, kwa sababu mambo mawili yalitokea ambayo hayakupangwa pamoja.

La kwanza, Bunge lilipitisha Sheria mpya ya Vyama vya Ushirika. Ulikuwa wakati wa kulegeza masoko. Wafadhili walikuwa wakishinikiza, na serikali yenyewe ilikuwa imechoka kubeba vyama. Waraka wa sera wa mwaka huohuo ulieleza kwamba wanachama sasa wataviendesha vyama vyao na serikali itabaki na kazi chache za usajili na usimamizi wa sheria. Kamishna akavuliwa karibu nguo zote. Kwenye karatasi lilikuwa jambo zuri, na ningekuwa na umri wa kupiga kura huenda ningelipigia makofi. Lakini wanachama walikuwa wamelelewa miaka hamsini chini ya mtu aliyekagua kila kitu, na mtu huyo akaondoka kabla hawajapewa zana za kukagua wenyewe. Kamati nyingi zikagundua kwamba hakuna anayetazama. Vyama vya kahawa vikaanza kugawanyika vipande vipande. Nyeri, kwa mfano, ugomvi wa nani anamiliki kiwanda kipi ulifika hatua ya watu kumwaga damu.

La pili, Mahakama ya Rufaa ilitoa hukumu katika kesi ya Baraza la Mitihani na watahiniwa waliofutiwa matokeo, ambayo mawakili huitaja kwa jina la Gathenji. Haihusu kahawa hata kidogo. Lakini humo mahakama ilieleza mipaka ya ile amri ya kuishurutisha ofisi ya umma itimize wajibu wake, amri ambayo kwa Kilatini huitwa mandamus, na maelezo hayo yamerudiwa katika mahakama zetu tangu hapo. Amri hiyo hutolewa pale ambapo sheria imeweka wajibu na ofisi imekataa kuutimiza, kwa hasara ya mtu mwenye haki ya kuudai. Kama sheria imeacha hiari ya namna ya kutimiza wajibu, mahakama haiwezi kuchagua namna moja na kuiamuru. Na kama wajibu umetimizwa vibaya, dawa ni nyingine, si hiyo.

Yaweke mambo hayo mawili pamoja. Bunge lilipunguza wajibu wa Kamishna mwaka uleule ambao mahakama ilikumbusha kwamba pasipo wajibu hapana amri. Hakuna aliyekaa chini akapanga hivyo, lakini mkulima alikuta pengo la kutosha mkokoteni na punda wake.

Bunge lilishtuka. Mwaka 2004 likairekebisha sheria na kumrudishia Kamishna sehemu kubwa ya uwezo wake juu ya mikopo, kamati na uwajibikaji wa viongozi. Waandishi wengine wanauita mwaka huo kurudi kwa mkono wa serikali. Nadhani jina hilo linaficha kitu. Sehemu kubwa ya kilichorudi ni "anaweza". Mkono ulirudi ukiwa na uhuru wa kubaki mfukoni.

Tazama kifungu cha 58 cha sheria ya 1997, kinachotumika hadi sasa. Ukikisoma baada ya kile cha 1912 unatambua sura ya ukoo mara moja. Kamishna anaweza kuchunguza chama kwa hiari yake. Ni lazima achunguze akielekezwa na Waziri, au akiombwa na theluthi moja. Milango ileile miwili, nusu dunia mbali, miaka 85 baadaye. Ila kuna mabadiliko madogo. Kule India ilikuwa theluthi ya wanachama. Hapa ni theluthi ya waliohudhuria na kupiga kura katika mkutano wa chama uliotangazwa ipasavyo.

Ukiwa na haraka utasema mabadiliko hayo yamemsaidia mkulima, maana theluthi ya waliofika mkutanoni ni watu wachache kuliko theluthi ya chama kizima. Ni kweli kwa hesabu. Lakini kule India ungeweza kuzunguka nyumba kwa nyumba na karatasi ukikusanya saini na alama za vidole, usiku, bila kamati kujua. Hapa lazima kuwe na mkutano, na mkutano kwa kawaida huitwa na kamati, ambayo ndiyo inayolalamikiwa. Wanachama wana njia ya kudai mkutano maalumu kwa maandishi, lakini hapo tayari majina yao yako mezani kwa mwenyekiti, na kiwanda ni hichohicho cha mwenyekiti. Baba mdogo aliponieleza kwa nini barua yao ya kwanza ilikuwa na saini 11 tu katika chama cha watu mia nne hivi, hakutaja sheria. Alisema, "Wengine wanadaiwa mbolea."

Saini 11 maana yake ni kwamba barua ile iligonga mlango wa hiari. Kisheria Kamishna aliombwa fadhila. Ukimya wake ulikuwa utovu wa adabu, na pengine zaidi ya hapo, lakini jaji angeuliza wajibu uko wapi.

Upo mlango mwingine unaoonyeshwa kila mara: nendeni kwenye Jopo la Ushirika. Kifungu cha 76 kinapeleka huko migogoro inayohusu shughuli za chama, kati ya wanachama, au kati ya mwanachama na chama au kamati yake. Mahakama zetu ni kali juu ya hili, kama zilivyo juu ya kila ngazi iliyowekwa na sheria: maliza ngazi kwanza. Tatizo ni kwamba katika orodha ile Kamishna hayumo. Jopo linaweza kusikiliza madai yako dhidi ya kamati, na hapo utatakiwa kuthibitisha fedha zilikwenda wapi. Vitabu viko ofisini kwa kamati. Anayeweza kuvifungua bila kuomba ruhusa yao ni mchunguzi wa Kamishna. Kwa hiyo unaambiwa uende Jopo kwa sababu Kamishna hajachunguza, na ukifika Jopo unakosa ushahidi kwa sababu Kamishna hajachunguza. Wakili rafiki yangu ananiambia ninatia chumvi, kwamba Jopo linaweza kuamuru nyaraka zitolewe. Linaweza. Neno lilelile.

Katiba ya 2010 ilibadilisha hewa. Ibara ya 47 inampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za umma kwa haraka, kwa haki na kwa kufuata sheria, na sheria iliyotungwa 2015 kuitekeleza inahesabu kutotenda kuwa tendo la kiutawala. Kwa mwanafunzi wa historia hiyo ni sentensi ya kusimama na kuishangaa. Kuchelewa kusiko na sababu, na kushindwa kutimiza wajibu uliowekwa na sheria, vimeandikwa wazi kuwa misingi ya kuipeleka ofisi mahakamani. Ukiomba sababu na ofisi isitoe, sheria inakuruhusu kudhani kwamba haikuwa na sababu nzuri, mpaka yenyewe ithibitishe vingine. Wafugaji wa kusini mashariki ya Uingereza wangelitambua wazo hilo. Vikwazo vya zamani pia vilianza kubomoka: ile sharti ya kuipa serikali notisi ya siku 30 kabla ya kuishtaki ilitangazwa na Mahakama Kuu mwaka 2012 kuwa kinyume cha Katiba.

Lakini sheria hiyohiyo ya 2015 inarudia sharti la kumaliza ngazi kwanza, isipokuwa mahakama ikubali kukusamehe kwa sababu za kipekee. Inataka pia uende mahakamani bila kuchelewa kupita kiasi, na hapa ndipo ukimya unapokuwa kitu kigumu kukamata. Uamuzi una tarehe. Kutoamua hakuna. Kamishna alianza kunyamaza lini? Siku barua ilipofika? Mwezi mmoja baadaye? Mawakili wa serikali wanaweza kukwambia leo kwamba umewahi mno, suala bado linashughulikiwa, na mwaka kesho kwamba umechelewa mno.

Juu ya hayo Katiba ileile ilizipa serikali za kaunti shughuli za vyama vya ushirika, huku Kamishna akibaki Nairobi. Barua mbili kati ya tatu za baba mdogo zilikwenda kaunti. Kaunti ingeweza kusema mwenye uwezo wa kuchunguza yuko Nairobi. Haikusema hata hivyo.

Ndiyo maana dawa ya zamani, inayowataka walalamikaji wadai kwanza kwa ukamilifu na wakataliwe, ina maana kuliko nilivyodhani nilipoisoma mara ya kwanza. Inaonekana kama kikwazo kingine, na mara nyingi hutumika hivyo. Kumbe madai yaliyoandikwa vizuri yanaupa ukimya siku ya kuzaliwa.

Mwezi Mei wanachama walidai mkutano maalumu kwa maandishi, safari hii wakiwa wengi kiasi kwamba mwenyekiti hangeweza kuwachagua wa kuwaadhibu. Tangazo lilibandikwa kiwandani, kwenye mlango wa duka la pembejeo na kanisani, na baba mdogo akayapiga picha yote matatu kwa simu, gazeti la siku hiyo likiwa pembeni. Walifika watu 187. Kura zilihesabiwa kwa kuinua mikono, kisha zikahesabiwa tena kwa kupanga foleni mbili uwanjani, kwa sababu katibu alidai hakuona vizuri. Waliotaka uchunguzi walikuwa 119.

Barua niliyowasaidia kuiandika ina aya nne. Haiombi msaada wala haielezi uchungu, ingawa aya ya uchungu ilikuwapo kwenye rasimu ya kwanza na ilikuwa nzuri sana. Inataja kifungu cha 58, inataja tarehe ya mkutano, matangazo na idadi za kura, inaambatisha kumbukumbu za mkutano, na inadai uchunguzi uanze na sababu zitolewe kwa maandishi kama hautaanza. Baba mdogo alipanda basi la usiku mwenyewe mpaka Nairobi, akasubiri kwenye kaunta mpaka karani akagonga muhuri wa IMEPOKELEWA kwenye nakala zote mbili, kisha akamwomba agonge tena kwenye ile ya chama kwa sababu wino ulikuwa umefifia na tarehe haikusomeka. Tarehe ni 9 Juni. Ninapoandika haya ni wiki ya sita.